Ramani inasema kantangaze atafika shambani mwangu: niiamini kwa kiasi gani?

«Ninalima nyanya katika nyanda za juu, mita zipatazo 2,000 kutoka usawa wa bahari, na wastani wa joto la mwaka hapa ni nyuzi 17 hivi. Hadi leo sijawahi kumwona kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hushambulia nyanya, shambani. Majuzi nilitumiwa ramani inayoonyesha kwamba ifikapo mwaka 2050 eneo letu litakuwa jekundu, yaani litamfaa sana mdudu huyu kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Nilipotafuta zaidi nikapata ramani ya watafiti wengine inayotuweka kwenye njano tu. Jirani yangu anasema baridi yetu ya usiku itamuua hata akija. Mwanangu anayesomea kilimo anasema joto likipanda wadudu wataongezeka kila mahali, hakuna pa kukimbilia. Je, niache nyanya mapema nihamie zao lingine? Na ikiwa wataalamu wana kompyuta zenye uwezo mkubwa namna hii, mbona hawaniambii tu ni mwaka gani atafika?»

Ndugu msomaji,

Umeuliza mambo manne au matano, lakini naona yote yanatoka katika wasiwasi mmoja: unataka kujua kama muda ulio nao wa kujiandaa ni wa miaka ishirini na kitu au ni wa msimu ujao. Nitakujibu kwanza, kisha nieleze. Usiuhesabu mwaka 2050 kama mwaka wa kuanza kuwa na hofu. Kwa takwimu ulizonipa, shamba lako linaweza kumlea na kumzalisha kantangaze leo hii, bila joto kupanda hata kidogo. Kilichokukinga hadi sasa, kwa maoni yangu, si baridi. Ni kwamba hajafikishwa kwako, au amefika kwa idadi ndogo ambayo bado haijaonekana.

Nianze na hoja ya jirani yako, kwa sababu ndiyo inayoweza kukugharimu zaidi. Mdudu hana joto lake mwenyewe kama sisi. Kasi ya ukuaji wake hufuata joto la mahali alipo. Chini ya kiwango fulani ukuaji husimama, na juu ya kiwango hicho kila nyuzi inayozidi, kwa kila siku inayopita, hujumlishwa na zilizotangulia mpaka kiasi kinachohitajika kitimie na mdudu atoke hatua moja kwenda nyingine. Wazo hili ni la zamani. Mfaransa René Antoine Ferchault de Réaumur alijumlisha joto la siku kwa namna hii tangu mwaka 1735 ili kueleza kukomaa kwa mimea. Sisi tunao msemo unaolieleza vizuri kuliko hesabu yoyote: haba na haba hujaza kibaba. Kila mdudu ana kibaba chake cha joto, na kikijaa kizazi kimekamilika.

Kibaba cha kantangaze, yule nondo mdogo anayejulikana kwa wanasayansi kama Tuta absoluta, kimepimwa. Katika vipimo vya maabara vilivyofanyika Chile, safari yake kutoka yai hadi nondo ilichukua siku 76 kwenye nyuzi 14, siku 40 karibu na nyuzi 20, na siku 24 kwenye nyuzi 27. Ukizipanga namba hizo utaona kwamba ukuaji husimama karibu na nyuzi 8, na kwamba kibaba chake ni nyuzi-siku zipatazo 450. Sasa tuliangalie shamba lako. Wastani wako ni nyuzi 17. Ukitoa 8 unabaki na nyuzi 9 zinazoingia kwenye kibaba kila siku, kwa hiyo kibaba hujaa katika siku 50. Kwa mwaka mzima hivyo ni vizazi 7. Hii ni hesabu ya penseli, nami sidai kwamba shambani mambo yatakwenda sawasawa hivyo, lakini inatosha kuonyesha kwamba wastani wa nyuzi 17 haumzuii mdudu huyu. Unamchelewesha tu.

Ama baridi ya usiku, husimamisha ukuaji kwa saa chache, na jua likichomoza ukuaji unaendelea pale ulipoishia. Kusimama si kufa. Kantangaze huweza kuvumilia siku kadhaa kwenye nyuzi 0, na viwavi wake wamejificha ndani ya jani au ndani ya tunda, mahali ambapo jua la asubuhi huwapasha nyuzi kadhaa zaidi ya hewa inayopimwa na kituo cha hali ya hewa. Yapo pia maelezo ya asili yake ambayo watu wengi hawayafahamu: mdudu huyu alielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1917 kutokana na vielelezo vilivyotoka Huancayo, mji wa nyanda za juu za Peru ulio zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Tumezoea kumhesabu kuwa mdudu wa mabonde yenye joto kwa sababu huko ndiko alikotuletea hasara za kwanza.

Hata hivyo jirani yako hakukosea kwa wadudu wote. Viwavijeshi vamizi wa mahindi, kwa mfano, hawana ule usingizi wa msimu wa baridi ambao wadudu wengine hulala. Katika Marekani huweza kupitisha majira ya baridi kusini mwa Florida na kusini mwa Texas tu, kisha kila mwaka nondo wao huruka kuelekea kaskazini, kizazi baada ya kizazi, hadi Kanada, na baridi inaporudi waliofika huko hufa. Kwa mdudu wa namna hiyo baridi ni ukuta halisi, na nyuzi mbili za ziada huusogeza ukuta huo. Ndiyo maana ukiletewa ramani ya mdudu yeyote unapaswa kuuliza kwanza ni kitu gani kinachomzuia leo. Kama kinachomzuia ni baridi, mabadiliko ya tabianchi yanaondoa kizuizi. Kama kinachomzuia ni umbali, kizuizi hicho kinaondolewa na gari la mizigo.

Mwanao naye ana nusu ya ukweli. Joto likipanda, kibaba hujaa upesi zaidi. Tuseme wastani wako umefika nyuzi 19: nyuzi 11 zinaingia kila siku, kibaba kinajaa katika siku 41, na vizazi kwa mwaka vinakaribia 9. Vizazi viwili vya ziada vinaweza kuonekana kidogo mpaka ukumbuke kwamba jike mmoja huweza kutaga mayai hadi 260, na kwamba kila kizazi huzidishwa juu ya kilichotangulia. Zaidi ya hapo, kila kizazi ni nafasi mpya kwa wachache wanaostahimili dawa kuwa wengi. Kantangaze tayari amekuwa sugu kwa viuatilifu vya kundi la pairethroidi katika nchi nyingi, na usugu kwa kundi la daiamaidi uliripotiwa Italia mwaka 2015, miaka michache tu baada ya dawa hizo kuanza kutumika. Mimi huliona hili kuwa tatizo kubwa kuliko lile la ramani kubadilika rangi: joto halimleti mdudu tu, linafupisha pia maisha ya dawa tunazomtegemea kumzuia.

Lakini si kweli kwamba wadudu wataongezeka kila mahali. Ukuaji hauendi juu bila mwisho. Hupanda polepole, hufikia kilele, kisha huporomoka ghafla, na kwa kantangaze mporomoko huo huja joto linapokaribia nyuzi 35. Wadudu wa ukanda wa tropiki, kwa ujumla, tayari wanaishi karibu na kilele chao, kwa hiyo joto likizidi katika maeneo ya chini yenye joto kali huweza kuwaumiza. Wale wa maeneo ya baridi wana nafasi kubwa ya kupanda kabla ya kukifikia kilele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Curtis Deutsch na wenzake ulikadiria kwamba kwa kila nyuzi 1 ya ongezeko la wastani wa joto la dunia, mavuno ya ngano, mchele na mahindi yanayopotea kwa wadudu yataongezeka kwa asilimia 10 hadi 25, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo itaangukia maeneo ya baridi ya kadiri. Miinuko yako, ingawa sijui iko wapi, inafanana zaidi na maeneo hayo kuliko na mabonde yaliyo chini yake. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo nyuzi 1 ya ongezeko ni sawa na kuliteremsha shamba lako mita 150 bila wewe kuhama.

Sasa nije kwenye ramani zako mbili, nyekundu na ya njano. Zinatofautiana kwa sababu hazikujibu swali moja, wala hazikutumia njia moja.

Njia ya kwanza huanza na orodha ya mahali ambapo mdudu ameshaonekana. Kompyuta hulinganisha tabianchi ya mahali hapo na ya mahali pengine, kisha hupaka rangi kila sehemu inayofanana. Programu iitwayo MaxEnt, iliyoenea tangu mwaka 2006, hufanya kazi hiyo. Udhaifu wake ni kwamba orodha hiyo ni orodha ya mahali ambapo watu walimtafuta mdudu, si ya mahali pote alipo. Nchi yenye wataalamu wengi hujaa nukta, nchi isiyo nao hubaki tupu, na kompyuta inaweza kuuchukulia utupu huo kuwa ni tabianchi isiyomfaa. Tena, mdudu akivuka bahari huacha nyuma baadhi ya maadui wake, na akiwa huru huweza kuishi katika tabianchi ambazo kwao hakuwahi kuonekana. Ndiyo sababu ramani zilizotegemea nchi ya asili peke yake mara nyingi huonyesha eneo dogo kuliko lile ambalo mvamizi hulichukua baadaye.

Njia ya pili huanza na mwili wa mdudu: anaanza kukua kwenye joto gani, anafia wapi, anavumilia ukavu kiasi gani. CLIMEX, iliyotengenezwa Australia na kuelezwa na Sutherst na Maywald mwaka 1985, ni mfano wake maarufu. Hujumlisha kinachomkuza mdudu, hutoa kinachomtesa, kisha kila eneo hupewa alama kati ya 0 na 100. Mimi huiamini zaidi njia hii tunapozungumza juu ya tabianchi ambayo bado haijatokea popote, kwa kuwa haitegemei mifano ya zamani peke yake. Lakini vipimo vya mwili navyo hutoka maabara, ambako joto halipandi mchana na kushuka usiku kama shambani.

Juu ya hayo, kila mtafiti huchagua ni kiasi gani cha gesijoto dunia itakuwa imetoa kufikia mwaka 2050, na huchagua mahali ambapo njano itaishia na nyekundu itaanzia. Chaguo hilo la mwisho ni la mchoraji, si la asili, na shamba lako linaweza kubadilika rangi bila namba yenyewe kubadilika sana. Ukikutana tena na ramani ya namna hii, tafuta maelezo ya rangi zake kabla ya kuitazama, na uangalie kama mchoraji alihesabu umwagiliaji na vitalu vya nailoni. Ramani nyingi hazivihesabu, na shamba linalomwagiliwa wakati wa kiangazi ni oasisi ambayo data ya mvua haiioni.

Na sasa swali lako kuhusu mwaka wa kufika. Ramani zote mbili zinasema mahali ambapo mdudu angeweza kuishi kama angekuwapo. Hazisemi lini ataletwa, kwa sababu kuletwa si jambo la tabianchi. Ukifanya wastani wa mamia ya wadudu waharibifu na magonjwa ya mimea, wamekuwa wakisogea kuelekea ncha za dunia kwa kilomita 2.7 hivi kwa mwaka tangu mwaka 1960, na mwendo huo unalandana vizuri na kupanda kwa joto. Kantangaze hakuusubiri wastani huo. Alionekana Hispania mwishoni mwa mwaka 2006. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba wavamizi wote wa upande huu wa bahari walitokana na kundi moja la katikati ya Chile, yaani yawezekana mlango ulifunguka mara moja tu. Ndani ya miaka michache alikuwa amezunguka Bahari ya Mediterania, na kufikia mwaka 2014 alikuwa Kenya, Tanzania na India. Viwavijeshi vamizi nao waliripotiwa Afrika Magharibi mapema mwaka 2016, India katikati ya mwaka 2018, China Januari 2019 na Australia mwanzoni mwa mwaka 2020. Hakuna kupanda kwa joto kunakoweza kueleza safari za haraka kiasi hicho. Zinaelezwa na mabawa, upepo, na zaidi ya yote mizigo ya binadamu: nyanya zilizovunwa, miche, kreti zisizosafishwa.

Kwa hiyo kompyuta inaweza kukadiria uwezekano wa kuletwa ikipewa takwimu za biashara na usafiri, lakini haiwezi kujua siku ambayo dereva mmoja atapakia kreti zenye pupa na kuzileta juu kwenu. Atakayekutajia mwaka kamili amekupa namba isiyo na msingi, hata kama imetoka kwenye mashine kubwa.

Je, uache nyanya? Kwa maoni yangu, hapana, si kwa sababu ya ramani. Kuhama zao ni uamuzi mzito wenye hasara zake: unapoteza ujuzi ulioujenga, unaacha wanunuzi uliowazoea, na zao jipya nalo lina wadudu wake, ambao huenda huwajui kama unavyowajua wa nyanya. Ukihamia viazi mviringo, bilinganya au mnavu hutakuwa umemkimbia kantangaze, kwani mimea hiyo yote ni ya jamii ya nyanya, naye huishi juu yake pia. Kinachostahili gharama sasa ni kumwona mapema, maana tofauti kati ya kumgundua akiwa na kizazi kimoja na kumgundua akiwa na vitatu ni tofauti kati ya kung'oa miche michache na kupoteza sehemu kubwa ya mavuno.

Weka mitego yenye kivutio cha harufu ya jike, na uikague kila wiki, hata katika miezi ambayo huna nyanya. Elewa kwamba mtego huo hunasa madume tu. Ni mlinzi wa kukupigia kelele, usiutegemee kupunguza wadudu shambani. Nunua kipimajoto kinachoonyesha joto la juu na la chini la siku, ukitundike kivulini karibu na mimea, na uandike namba hizo mbili kila jioni. Zijumlishe, gawa kwa mbili, toa 8. Siku yenye nyuzi 24 mchana na 11 usiku inakupa 9.5. Siku utakayonasa nondo wa kwanza anza kujumlisha, na utakapokaribia 450 ujue kizazi kipya kinakaribia kuruka. Kwa usiku wa chini ya nyuzi 8 hesabu hii rahisi hupunja kidogo, kwa hiyo tazama shamba siku chache kabla ya tarehe unayoipata. Daftari hilo la msimu mmoja litakuwa na thamani kwako kuliko ramani yoyote ya dunia, kwa kuwa ramani ya dunia hugawa ardhi katika vipande vya kilomita nyingi, na mlimani kipande kimoja chaweza kuwa na bonde na kilele pamoja.

Usipokee kreti wala miche kutoka maeneo yenye mdudu bila kuikagua, na kama wakulima wenzako watakubali, acheni kwa pamoja kipindi kisicho na nyanya wala jamii yake, mkiteketeza mabaki yote. Mmoja akibaki na mabaki shambani, kipindi hicho hakina maana. Vyandarua vya kuzuia wadudu kwenye kitalu cha miche vinafaa. Kufunika shamba zima ni gharama ambayo singekushauri uibebe kabla mdudu hajaonekana. Kunyunyiza dawa kwa tahadhari kabla hajafika ndilo jambo ambalo ningekuomba usilifanye kabisa: huui mdudu asiyekuwapo, unaua kunguni walao mayai yake, kama wale wa jamii ya Nesidiocoris wanaotegemewa sana katika nchi za Mediterania, na unatumia bure dawa utakayoihitaji siku atakapokuja.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kukufanyia. Ukiona michirizi myeupe iliyopinda kama nyoka kwenye majani, yaweza kuwa ni inzi wachora-majani, ambao ni tatizo tofauti na dogo zaidi. Kantangaze kwa kawaida huacha mabaka mapana yanayoangaza yakiwekwa juani, yenye kinyesi cheusi ndani, na hutoboa tunda karibu na kikonyo. Lakini nondo mwenyewe hufanana mno na nondo wa viazi, na kumtambua kwa uhakika huhitaji mtaalamu mwenye hadubini. Kwa hiyo ukinasa nondo unayemshuku, au ukiona mabaka ya namna hiyo, usinyunyize kwanza. Weka majani matatu au manne katika mfuko unaofungwa vizuri, mtego katika mfuko mwingine, andika tarehe, idadi ya nondo na joto la wiki hiyo, kisha mpigie afisa ugani wako au ofisi inayosimamia afya ya mimea waje shambani. Usiibebe mifuko hiyo kupita kwenye mashamba ya wenzako.

Na hata kama hujaona chochote, mwalike afisa ugani msimu huu akutazamie mahali pa kuweka mitego. Mwonyeshe barabara ambayo kreti hupitia, kwa sababu mtego wa kwanza unapaswa kukaa huko.